Nani Amemuua Mhusika? Mwendesha Mchezo na Kifo cha Mezani

Darasani tumezoea kuuliza kwa nini mwandishi kamuua mhusika wake. Muuaji anafahamika, tunachotafuta ni sababu tu. Katika makala haya nataka kulipeleka swali hilo mahali ambapo hata muuaji mwenyewe hafahamiki upesi, yaani kwenye michezo ya mezani ya kuigiza uhusika, uzao wa Dungeons & Dragons, mchezo uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson.

Kwa wasioufahamu: watu wachache huketi mezani, kila mmoja akabeba mhusika wake na kusema anafanya nini. Mmoja wao, nitakayemwita mwendesha mchezo, ndiye ulimwengu wote uliobaki: majoka, wafalme, mvua, milango iliyofungwa. Penye mashaka, dadu hurushwa. Mwanafunzi wa fasihi simulizi atawatambua mara moja fanani na hadhira yake. Hata hivyo, tofauti ni kubwa. Anayesikiliza habari za Fumo Liyongo anajua kuwa shaba itamfika shujaa kitovuni, na hana la kufanya. Mezani hadhira yenyewe ndiyo shujaa, tena ina dadu mkononi.

Basi shujaa huyo akifa, kafa kwa mkono wa nani? Kwa mtazamo wangu, jibu linategemea mtindo wa mwendesha mchezo.

Yupo kwanza mtega mitego. Mfano wake mashuhuri ni Tomb of Horrors, kaburi alilolitunga Gygax kwa ajili ya mkutano wa michezo wa Origins mwaka 1975, likachapishwa mwaka 1978. Humo mna uso wa shetani wa kijani, kinywa wazi, ndani giza tupu. Anayejitumbukiza kinywani ameangamia. Hakuna dadu la kumwokoa. Wengi husema huo ni uuaji mtupu. Lakini tusome vizuri jamani: humohumo kaburini limeandikwa fumbo linalotahadharisha juu ya rangi ya kijani. Gygax ni mkatili, la, siwezi kumtetea hapo. Ila si mwongo. Aliyekufa alikuwa na nafasi ya kujua.

Wa pili ni mlezi. Huyu hurusha dadu nyuma ya kizuizi cha kadibodi, akiona namba mbaya anataja nyingine. Anaona anawahurumia wachezaji na kuilinda hadithi. Nakiri kwamba nami nilikuwa wa kundi hili. Usiku mmoja dadu lilimuua mhusika wa rafiki yangu, nami nikasema limekosa. Rafiki alinitazama usoni, akajua. Sikutegemea alichosema: "Kumbe hata yule joka wa wiki iliyopita ulimuua wewe." Sikuwa na jibu. Nilidhani nimempa uhai, kumbe nimemnyang'anya ushindi wake wote wa nyuma.

Wa tatu ni mwamuzi, anayerusha dadu hadharani. Kanuni za Dungeons & Dragons za mwaka 2014 zinamfaa sana. Mhusika aliyeishiwa pointi za uhai kwa kawaida hafi papo hapo. Zamu yake ikifika, mchezaji hurusha dadu la nyuso 20. Kumi na kuendelea ni heri, chini ya hapo ni shari. Heri tatu anatulia, shari tatu anakufa. Meza nzima inaona. Wenzake wana muda wa kuamua: wamkimbilie, au wamalize vita kwanza? Kifo hapo kinakuwa na dhamira, maana kimepitia katika uchaguzi wa watu.

Kuna atakayenipinga: ni haki gani hiyo, mtu amlee mhusika mwaka mzima kisha auawe na kijidadu? Hoja hiyo ina uzito. Bahati peke yake haitungi tanzia. Lakini dawa yake si kuficha namba. Wakubaliane kabla ya kuanza kuwa katika hadithi yao kifo hakimo, na anayeshindwa atapoteza kitu kingine: uhuru, heshima, ndugu. Kinyume chake pia kinawezekana. Katika Ten Candles, mchezo wa Stephen Dewey wa mwaka 2015, watu hucheza kwa mwanga wa mishumaa kumi, na kila mchezaji anajua tangu mwanzo kwamba wahusika watakaofika onyesho la mwisho watakufa wote. Hakuna anayelalamika, kwa kuwa hakuna aliyedanganywa. Swali linalobaki ni moja tu: wataishije hadi hapo?

Kwa hiyo sioni kuwa ukali au upole ndio kipimo cha mwendesha mchezo. Kipimo ni uwazi. Mwandishi wa riwaya anaweza kutuficha, kwani kazi ni yake. Mwendesha mchezo ana watunzi wenzake mezani, na anayemficha mtunzi mwenzake anageuza kazi ya wote kuwa yake peke yake.

Tangu usiku ule nilikiondoa kizuizi cha kadibodi. Mhusika wa rafiki yangu alikufa miezi michache baadaye, darajani, akiwazuia maadui ili wenzake wavuke. Shari ya tatu ilipotua, sikusema neno. Mwenyewe aliomba asimulie mwisho wake, nasi tukamsikiliza.