Subira ya Arusha na Waliolipa Gharama Yake

Mazungumzo ya amani ya Burundi yalifunguliwa Arusha Juni 15, 1998, na mkataba ukatiwa saini Agosti 28, 2000. Kwa wakazi wa Bujumbura, waliokuwa wakilala huku wakisikia milio ya risasi kutoka kwenye milima iliyo juu ya mji, miaka ile miwili na ushei ilikuwa mirefu mno. Wengi waliamini kwamba wajumbe wanakula posho tu. Ukiichambua kazi yenyewe unakuta kwamba sehemu kubwa ya muda ule ilikuwa ufundi, na sehemu nyingine ilikuwa hasara. Hizi mbili hazifai kuchanganywa, kwa sababu tangu hapo kila msuluhishi aliyekwama katika ukanda huu ametaja subira ya Arusha kana kwamba kusubiri kwenyewe ndiko kulikoleta amani.

Ufundi ulianza na swali la nini kitangulie. Vita vilikuwa vinaendelea tangu Rais Melchior Ndadaye alipouawa Oktoba 1993, na msuluhishi mwingine angeanza kwa kudai mapigano yasitishwe. Mwalimu Nyerere alifanya vingine. Aliwaketisha wajumbe wa makundi 17, ambayo baadaye yalifika 19, akawagawa kwenye kamati. Kamati ya kwanza, chini ya Armando Guebuza wa Msumbiji, ikapewa kazi moja: kueleza chanzo cha ugomvi. Kila upande ukataja watu wake waliouawa. Waliozungumzia mauaji ya 1972 walijibiwa kwa yale ya 1993, na waliozungumzia 1993 walirudishwa 1972, 1965 na 1988. Vikao vilikwenda hivyo kwa miezi. Kwa mtazamaji wa nje ilikuwa ni kupoteza muda, watu wakirudia malalamiko ambayo kila mmoja aliyajua.

Lakini tazama kilichotoka humo. Itifaki ya Kwanza ya mkataba inakubali kwamba mgogoro wa Burundi kimsingi ni wa kisiasa, wenye sura nzito ya kikabila, na kwamba unatokana na tabaka la wanasiasa kugombea kuingia madarakani au kubaki humo. Wahutu na Watutsi walitia saini maneno hayo kwa pamoja, na kwa maoni yangu hapo ndipo mazungumzo yalipogeuka. Ugomvi ukiitwa wa damu, mezani hakuna cha kugawana. Ukiitwa wa madaraka, ghafla kuna viti, vyeo, asilimia na vipindi vya uongozi, na hivyo vyote vinaweza kupimwa na kupunguzwa hapa ili viongezwe pale. Bila miezi ile ya malalamiko, nani angekubali kwamba katika jeshi lililokuwa limeshikwa na Watutsi kabila lolote lisizidi nusu? Nani angekubali seneti ya nusu kwa nusu, au mgawo wa 60 kwa 40 bungeni ulioandikwa kwenye Katiba ya 2005? Mtu hawezi kupatana bei ya kitu ambacho bado anakiita uhai wake.

Subira hiyo pia ilikuwa na kani nyuma yake. Meja Pierre Buyoya alipotwaa madaraka kwa mapinduzi Julai 25, 1996, majirani waliiwekea Burundi vikwazo vya uchumi kabla mwezi haujaisha. Vililegezwa 1997 kwa chakula, dawa na pembejeo, kisha vikasimamishwa Januari 1999. Wakati vikwazo vikiwepo, kila mwezi wa kusubiri uliigharimu serikali. Vilipoondoka, gharama hiyo ikapungua kwa Buyoya lakini haikupungua kwa raia. Nadhani vilisimamishwa mapema mno, mkataba ukiwa bado haujaandikwa.

Mwalimu alifariki Oktoba 14, 1999, na Desemba nafasi yake ikachukuliwa na Nelson Mandela. Wengi husimulia kipindi hiki kama haraka iliyokuja kurekebisha uzito wa mzee. Si sahihi. Mandela aliwakemea wajumbe hadharani, akawaambia wananchi wao wanakufa wakati wao wanabishana, akapanga tarehe na kumwalika Bill Clinton ashuhudie. Aliweza kubana kwa sababu alikuta mengi yameshajadiliwa kwenye kamati na sehemu kubwa ya maandishi iko tayari. Kubana kwake kulihitaji kitu cha kubana.

Yaliyokosa jibu aliyaacha wazi. Siku ya saini mkataba haukusema nani ataongoza kipindi cha mpito, na baadhi ya vyama vya Watutsi vilitia saini wiki kadhaa baadaye, huku vingine vikiweka masharti ya pembeni. Majina yalipatikana Julai 2001: Buyoya miezi 18 ya kwanza, kisha Domitien Ndayizeye wa chama cha Frodebu. Ndayizeye aliapishwa Aprili 30, 2003, kama ilivyopangwa. Kuacha pengo ndani ya mkataba ni hatari, lakini hapa kulifaa, kwa kuwa waliosaini tayari walikuwa na cha kupoteza kama wangerudi nyuma.

Hasara ilikuwa kwingine. CNDD-FDD, tawi la chama cha waasi cha CNDD lililokuwa na wapiganaji msituni, halikupewa kiti Arusha baada ya chama kugawanyika, na kundi jingine la waasi, Palipehutu-FNL, nalo halikuwamo. Hivyo mkataba ulitiwa saini bila kusitisha mapigano. Subira yote ile ilitumika kwa watu ambao wengi wao hawakuwa na bunduki. CNDD-FDD iliingia kwenye makubaliano kamili Novemba 2003, Dar es Salaam, na FNL ilisaini huko huko Septemba 2006.

Bili ya muda huo ililipwa vilimani. Tangu Septemba 1999 serikali iliwahamisha mamia ya maelfu ya watu wa Bujumbura Rural, wengi wao Wahutu, na kuwaweka kwenye kambi, Kabezi na kwingineko, wakiwa mbali na mashamba yao na maji safi yakiwa shida. Mandela alilishikilia jambo hilo hadi Buyoya akaahidi, Juni 2000, kuzifunga. Naiona hiyo kuwa hatua yake bora kuliko zote. Alichukua maumivu ya wasiokuwepo mezani akayafanya sharti la walioko mezani.

Benjamin Mkapa alipokabidhiwa usuluhishi wa mgogoro mpya wa Burundi wa 2015, alikuwa na uvumilivu usiopungua ule wa Mwalimu. Aliita vikao Arusha tangu 2016. Serikali ya Bujumbura ilikataa kukaa na wapinzani iliowaita waasi, na kikao cha Oktoba 2018 haikuhudhuria kabisa. Majirani safari hii hawakuwa na msimamo mmoja, hakuna kikwazo chao kilichoifanya serikali ihesabu miezi, na waliokuwa wakihesabu ni wakimbizi wa Burundi katika kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli nchini Tanzania. Mkapa alikabidhi ripoti yake kwa wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Februari 2019, bila makubaliano.