Dema, na Sifa ya Kuzunguka

Kigiriki kina kiambishi cha awali kifupi, peri-, chenye maana ya kuzunguka. Kimesafiri hadi kwenye lugha nyingi za dunia. Daktari huita perikadiamu ule utando unaouzunguka moyo. Mabaharia wa nyambizi huchungulia kwa periskopu, inayotazama pande zote za upeo. Kikitangulia neno plous, yaani safari ya baharini, hupatikana periplous: safari ya kuambaa pwani, na pia kitabu cha kuwaongoza wanaoifanya.

Sisi watu wa mwambao kiambishi hiki kinatuhusu, kwa kuwa kitabu kimoja cha namna hiyo kinatusimulia. Periplus ya Bahari ya Erithrea iliandikwa kwa Kigiriki katikati ya karne ya 1, na mtu ambaye jina lake halikubaki. Anaitaja Rhapta, soko la mwisho la Azania, yaani mwambao wetu huu, na kisiwa cha Menouthias, umbali wa stadia 300 hivi kutoka bara, yaani kilomita 50 na ushei. Wanazuoni wanakivutia kila mmoja upande wake: huyu Pemba, huyu Unguja, huyu Mafia. La muhimu ni alichokitaja mgeni yule: vyombo vya mbao zilizoshonwa, mitumbwi ya gogo moja, na vikapu vya kusukwa ambavyo wenyeji walitegea baharini badala ya nyavu.

Ukifika leo wilaya ya Micheweni, kaskazini mwa Pemba, kwenye vijiji vya wavuvi kama Tumbe, Msuka na Shumba, mtego wa kusukwa haujawa habari ya kale. Unaitwa dema, na ustadi wake unastahili kusifiwa kwa sauti.

Mtazame msukaji akiwa kazini. Anapasua fito, anazikwangua mpaka ziwe nyembamba zenye kupindika bila kukatika. Kisha anazipitanisha kwa njia tatu, moja ikilala, mbili zikienda mshazari, hii juu, hii chini. Hapo hujitokeza tundu za pembe sita, safu kwa safu, na kila ufito unashikwa na wenzake bila fundo wala msumari. Hana rula. Kipimo chake ni shubiri, kidole na jicho. Mlango ndio wenye siri: unaanza mpana kwa nje, unasonga kuelekea ndani, kiasi kwamba tasi anayefuata chambo huingia kwa raha, na akitaka kutoka hulizunguka dema lote asiuone tena mlango ule.

Ustadi huo ni wa bahari kabla ya kuwa wa mikono. Msukaji anajua kwamba bamvua linapojaza, maji ya pwani yetu hupanda hata mita nne, na dema lisilotiwa mawe ya kutosha litasombwa. Anajua pia kuwa ukubwa wa tundu ndio hukumu ya nani atabaki ndani na nani atatoka akakue. Huko Kenya, watafiti na wavuvi wamejaribu madema yenye upenyo mwembamba wa kuwapitisha samaki wachanga. Ni elimu ya kisasa, lakini imepita kwenye mkono wa msukaji, maana hakuna mwingine awezaye kuusuka upenyo huo bila kulidhoofisha dema.

Kiswahili nacho kina shina lake la kuzunguka: zinga. Humo tumepata kuzingira, mazingira, na ule mzingo ambao watoto wetu wanaupima darasani kwa penseli. Mwandishi wa Periplus alizunguka pwani akaandika alichokiona kutoka chomboni. Msukaji wa Micheweni anauzungusha ufito mpaka bahari, samaki na mahitaji ya nyumba yake vikae ndani ya mzingo mmoja. Zote mbili ni elimu, ila ya kwanza ilipata maktaba, ya pili ikategemea vijana waliokubali kukaa chini wakafunzwa.

Kwa hiyo natamani mwalimu wa hesabu wa Micheweni amwalike msukaji darasani, na dema liwekwe juu ya meza. Pembe sita, mshazari, mzingo na ujazo vyote vimo. Mtoto atakayevisoma hapo atajua kuwa hesabu ina wenyewe kijijini kwake, na kwamba kazi ya babu yake ilistahili kuandikwa na wageni miaka elfu mbili iliyopita, kama inavyostahili kuandikwa na sisi leo.