Doa au Nukta? Tatizo la Kurejesha Katuni za Majarida ya Shule

Urejeshaji wa katuni kuukuu kwa kompyuta aghalabu huchukuliwa kuwa kazi ya fundi. Tunadai katika makala haya kwamba ni kazi ya mhariri wa matini, na kwamba yafaa ipimwe kwa vigezo vile vile tunavyowapimia wahariri wa tenzi.

Tuanze na karatasi yenyewe. Juha Kalulu, katuni ya Edward Gitau, ilichapishwa gazetini kwa nakala nyingi. Ikiharibika moja, hutafutwa nyingine. Jarida la wanafunzi wa mji kama Isiolo halikuwa na bahati hiyo. Kwa kawaida jarida la aina hii lilichapwa kwa stensili: mchoraji alikwaruza nta kwa kalamu ya chuma, wino ukapenya palipokwaruzwa, na kadiri nakala zilivyoongezeka ndivyo stensili ilivyozidi kuchanika. Hivyo mstari uliokatika leo waweza kuwa umekatwa na mchoraji, na mashine, na mchwa au na vidole vya wasomaji. Programu haiwezi kuwapambanua hao wote. Hupima weusi wa kila pikseli, ikaamua: uliovuka kiwango fulani ni wino, usiovuka ni uchafu.

Wasomaji wa miswada ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu wanalijua tatizo hili. Huko nukta ndizo zinazotenganisha be na te, na irabu i na e mara nyingi huandikwa kwa alama moja. Mhariri yeyote, akiwamo William Hichens aliyeichapisha Al-Inkishafi mwaka 1939, hulazimika kuamua kabla ya kuandika. Amri ya kuondoa madoa madogo, iliyomo katika programu nyingi za picha, ingeifuta nukta ya be bila kusita. Ndivyo inavyoweza kufuta mboni ya jicho iliyochorwa kwa kalamu butu.

Hasara kubwa zaidi, hata hivyo, imo katika maneno. Wapo warejeshaji wanaofuta mwandiko wa mkono ndani ya viputo, wakapachika herufi za chapa, na papo hapo ‘wakasahihisha’. Isiolo ni mji ambamo Kiswahili huwakutanisha Waborana, Wasomali, Wameru na Waturkana, wengi wao wakikijia kutoka lugha nyingine. Iwapo mwanafunzi aliandika ‘nimekuya’ na mrejeshaji akaweka ‘nimekuja’, ameondoa ushahidi wa matamshi na pengine mzaha wenyewe, kwani huenda kichekesho kilikuwa katika neno hilo. (Kwamba ukurasa umependeza zaidi, hilo hatulikatai.)

Wino uliojitokeza kutoka upande wa pili wa karatasi na uondolewe. Unjano nao ufifishwe. Lakini mstari uliokatika usiunganishwe kwa kubuni, skani ghafi itunzwe, na kila palipoguswa patajwe, kama mhariri wa utenzi anavyotaja nakala alizozifuata. Penye tundu la mchwa nafasi ibaki tupu, hata kama tundu hilo limepita usoni mwa mhusika mkuu.