Nani anasadiki?

Fungua gazeti la Kiswahili, tafuta habari ya polisi na majambazi, utaikuta sentensi hii au ndugu yake: "Watu wanne wanaosadikiwa kuwa majambazi wameuawa katika tukio la kurushiana risasi na polisi."

Tuifungue kama fundi saa. Wanaosadikiwa na nani? Kauli ya kutendwa imemficha anayesadiki. Wameuawa: aliyeua naye hatajwi, lipo "tukio" tu, kama mvua iliyonyesha. Lakini kazi kubwa imefanywa na kiambishi kidogo, -an-, ndani ya "kurushiana". Ukisema watu walirushiana risasi, umeshasema kila upande ulikuwa na bunduki na uliifyatua. Marehemu wamepewa silaha kabla hajatokea wa kuuliza silaha yenyewe iko wapi, na maganda yake yaliokotwa wapi.

Januari 2006 polisi wa Dar es Salaam walitoa maelezo ya namna hiyo hiyo: majambazi wanne, majibizano ya risasi. Tume iliyoundwa na Rais Kikwete chini ya Jaji Musa Kipenka ikakuta mambo mengine. Watatu walikuwa wafanyabiashara wa madini kutoka Mahenge, wa nne dereva wa teksi. Walikamatwa wakiwa hai, wakapelekwa msitu wa Pande, wakapigwa risasi huko. Majibizano hayakuwapo. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia huru maofisa wa polisi walioshtakiwa kwa mauaji hayo. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja wao na kumhukumu kunyongwa.

Mwandishi anayeandika sentensi ile huwa hadanganyi. Amempigia simu kamanda, kamanda amethibitisha, na kurasa zinasubiri kwenda mtamboni. "Wanaosadikiwa" ameliweka kwa tahadhari. Ila fuatilia habari hadi chini: aya ya kwanza ni "wanaosadikiwa kuwa majambazi", aya ya tatu ni "majambazi hao". Tahadhari imedumu aya mbili. Kichwa cha habari, ambacho ndicho kinachosomwa na wapita njia wanaoinama mbele ya meza ya muuza magazeti, mara nyingi hakina hata hiyo.

Mhariri angeweza kuandika: "Polisi wamewaua watu wanne kwa risasi, wanasema walikuwa majambazi." Maneno 9. Ile ya mwanzo ina 13.