Redio ya Mazungumzo na Ziwa Lenye Kingo Mbili: Uhakiki wa Historia ya Utangazaji Zambia kutoka Nchelenge

Makala hii inahakiki namna historia ya redio ya mazungumzo nchini Zambia ilivyoandikwa, kwa kuitazama kutoka Nchelenge, mji wa Jimbo la Luapula ulioko ufuoni mwa Ziwa Mweru, upande wa mashariki. Kazi mbili zinatuongoza: tasnifu ya Debra Spitulnik ya mwaka 1994 kuhusu utamaduni wa redio nchini humo, na kitabu cha Harri Englund, Gogo Breeze (2018), kinachohusu kituo cha Breeze FM cha Chipata. Tunadai kwamba kazi hizi, pamoja na ubora wake, zimetuzoesha kumtafuta msikilizaji ndani ya lugha ambayo tayari imeruhusiwa hewani.

Mazoea hayo yana mizizi. Utangazaji wa Lusaka ulianza mwaka 1941, wakati wa vita, serikali ya kikoloni ikitaka kuwafikia Waafrika kwa lugha zao. Mwaka 1949 ikaja redio ya betri ya bei nafuu iliyoitwa Saucepan Special. Baada ya uhuru, utangazaji wa taifa ulitulia kwenye Kiingereza na lugha saba: Chibemba, Chinyanja, Chitonga, Silozi, Kikaonde, Kilunda na Kiluvale. Spitulnik anaonyesha vyema kwamba saba hizo hazikupewa muda sawa wala hadhi sawa. Hata hivyo, uzito wa ukosoaji wake uko kwenye lugha zinazohesabiwa kuwa za Zambia. Kiswahili hakimo. (Wala Kilunda cha orodha hiyo si cha Luapula: Walunda wa Mwata Kazembe huzungumza Chibemba. Orodha hupotosha hata pale inapotaja jina sahihi.)

Kitabu cha Englund kinastahili kusomwa kwa makini zaidi, kwa sababu kinahusu kituo cha mji mdogo. Breeze FM ilianza mwaka 2003, takriban miaka kumi baada ya kanuni kufungua mlango kwa vituo binafsi. Mhusika wake mkuu ni mwalimu mstaafu aliyejulikana hewani kama Gogo, yaani babu, aliyesoma barua za wasikilizaji na kuzijibu, akafuatilia malalamiko yao dhidi ya wenye mamlaka. Englund anakataa wazo kwamba uhuru wa kusema hukamilika kila mtu anapopewa kipaza sauti. Kwake, uhuru huo unahitaji mtu mwenye mamlaka ya kimaadili anayewajibika kusikia. Tunakubaliana naye. Lakini ubabu huo wa hewani unategemea jambo ambalo Chipata inalo bila kulitafuta: Chinyanja kinasemwa pande zote mbili za mpaka wa Malawi. Babu na wajukuu wana lugha moja, na leseni inaitambua.

Nchelenge haina bahati hiyo. Ng'ambo ya ziwa iko Kilwa ya Kongo, na kaskazini Pweto, ambako Kiswahili cha Katanga ndicho lugha ya soko na bandari. Chibemba nacho huvuka maji, hilo hatulikani, ila hakimfikishi kila mtu kwenye mazungumzo. Chukua marufuku ya uvuvi ya Zambia, kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari. Tangazo lake laweza kutafsiriwa kwa dakika mbili likasomwa. Lakini mvuvi aliyenyang'anywa wavu katika maji yasiyo na alama ya mpaka hahitaji tangazo. Anahitaji kuuliza, kubishana, na kumsikia ofisa akijibu. Hapo ndipo redio ya mazungumzo inapotofautiana na kipaza sauti cha mkutano wa hadhara, na hapo ndipo msemaji wa Kiswahili hubaki sikio tupu.

Suala hili lilipata uzito mpya mwaka 2018, makazi ya wakimbizi ya Mantapala yalipofunguliwa katika Wilaya ya Nchelenge kwa ajili ya Wakongo waliokuwa wakivuka tangu mwaka uliotangulia. Atajibu mtu kwamba wao wana Radio Okapi, iliyoanzishwa mwaka 2002, inayotangaza kwa Kifaransa na lugha nne za taifa la Kongo, Kiswahili kikiwamo. Jibu hilo halitoshi. Okapi inazungumza juu ya Kongo. Mkazi wa Mantapala ana swali kuhusu zahanati, shamba na shule ya Zambia, na wa kumjibu wako Nchelenge.

Sisi wa vyuo vya Kiswahili tuna sehemu yetu katika ukimya huu. Tunapopendekeza Kiswahili kiingie redioni, huwa tunamaanisha Kiswahili sanifu, na mtangazaji tuliyemfunza hujiona ana wajibu wa kumsahihisha mpiga simu. Neno la Gogo lenyewe latosha kupima jambo hili. Mbemba atamwita mzee wa redio shikulu. Mswahili wa pwani atamwita babu. Mtu wa Katanga atasema nkambo, neno ambalo kwa sikio la pwani linakaribia kambo, yaani ujamaa usio wa damu. Mtangazaji wa Mweru atalazimika kuitika kwa majina yote matatu katika kipindi kimoja, bila kumrekebisha yeyote.