Hongera, Watu wa Lami ya Usiku

Dereva wa lori anayetoka bandarini Dar es Salaam kuelekea Ubungo saa sita usiku hatarajii foleni Barabara ya Mandela. Akikuta koni na mtu mwenye kibendera, hupiga honi kwanza, salamu baadaye. Upande mmoja umefungwa, magari yanapita kwa zamu, bodaboda zinayumba kwenye lami iliyokwanguliwa ikabaki na mistari.

Usumbufu upo, sibishi. Lakini kazi hiyo ya kuweka lami upya ingefanywa mchana, Tabata na Buguruni zisingepitika.

Na lami haisubiri mtu. Hutoka mtamboni ikiwa na joto la nyuzi 150 hivi, na lazima ishindiliwe kabla haijapoa. Ikipoa njiani haishikamani sawasawa, na mashimo hurudi mapema. Ndiyo maana tipa hufunikwa turubai, na rola hufuata nyuma ya mashine ya kutandaza kwa karibu, magurudumu yake ya chuma yakimwagiwa maji ili lami isinate. Mtazame mwenye reki: anasawazisha ukingo kwa mkono, mvuke unampanda usoni, na hatua chache pembeni gari linapita kasi na taa kali.

Pongezi zangu kubwa, hata hivyo, ni za mwenye kibendera. Hana mashine ya kujificha nyuma yake. Ana koti linalong'aa, redio ya upepo, na kifua cha kuvumilia matusi ya watu ambao asubuhi watateleza hapo hapo bila kuuliza nani alikesha.