Kitendawili cha Picha

Swali zuri la picha hujibika hata na mtu ambaye hajawahi kulipa kiingilio cha mbuga yoyote. Hicho ndicho kipimo chetu sisi tunaotunga mchezo wa chemshabongo wa runinga kuhusu picha za viumbe na mazingira yao. Tunautungia Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, ambako watoto wengi wamekulia kilomita chache tu kutoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa 1946, na hawajaikanyaga. Ukimwuliza mtoto wa Kayole kifaru ana uzito wa kilo ngapi, umepima mfuko wa babake. Mwonyeshe picha yenye jibu humo humo ndani, na hapo utakuwa umepima macho yake.

Chukua kongoti. Nani wa huku asiyemjua? Anashinda kwenye jaa la Dandora, linalopokea taka za jiji tangu 1975, na wenzake wamejaa kwenye migunga ya upande wa Uwanja wa Nyayo. Tunaweka picha ya miguu yake peke yake, myeupe kabisa, na kuuliza: ngozi ya miguu hii ina rangi gani? Vidole vinakimbilia nyeupe. Ila mtu akituliza macho ataona karibu na goti mahali ambapo weupe umebanduka, na chini yake pana weusi wa kijivu. Kongoti hujinyea miguuni makusudi ili majimaji yale yakikauka yampunguzie joto. Kuipata picha hiyo ni kazi ya subira. Mpiga picha alale chini, apige asubuhi, kwa sababu jua la saa sita linafuta mpaka kati ya kinyesi na ngozi. Zipo picha za kongoti akiruka, mabawa yote wazi, zinazosisimua mwili, na tunaziacha. Picha ya kutundika ukutani ni nyingine, na picha ya kuuliza ni nyingine.

Hapa ndipo ninapoupenda ufundi huu kuliko popote. Watunzi wa vitendawili walijua zamani kwamba jibu lazima liwe limekaa ndani ya maneno, limejificha lakini lipo, na anayeshindwa akiambiwa apige kichwa chake: kumbe! Tumeirithi hata kanuni yao ya kudai mji. Timu ikishindwa, mtangazaji anasema, "Nipeni mtaa," na Kaloleni inalazimika kuitoa Jericho, au Buruburu inaitoa Umoja, na ukumbi unalipuka.

Majibu ya uongo nayo yanataka heshima. Tunaonyesha tumbo la punda milia, hakuna kichwa, hakuna miguu. Ni wa Nairobi au ni wa Samburu? Yule wa mbuga yetu, mistari yake mipana inazunguka hadi chini. Wa Grevy, wa kaskazini, ana mistari myembamba inayokoma kabla ya kufika tumboni, likabaki jeupe. Kumtia simba katika orodha ya majibu ni kumdharau mtazamaji. Na mistari hiyo si pambo tu. Januari 2016 wananchi walizunguka kaskazini mwa Kenya wakipiga picha ubavu wa kulia wa kila punda milia wa Grevy waliyemwona, kisha kompyuta ikawatofautisha mmoja mmoja kwa mistari yao, na makadirio yakafika 2,350. Picha ilikuwa ndiyo sensa.

Runinga ina masharti yake. Wengi wataangalia wakiwa kibandani, skrini ndogo imetundikwa juu karibu na dari, mwanga wa mlangoni umeimeza nusu. Kwa hiyo swali lisitegemee tofauti ndogo ya rangi. Litegemee umbo au mstari. Na mtangazaji anyamaze wakati watu wanatazama. Hili ni gumu kuwaelewesha watayarishaji, wanaouogopa ukimya hewani.

Njia imeshafyekwa. Mpiga picha Mohamed Amin, aliyezaliwa Eastleigh 1943, alionyesha kwamba kamera ya mtu wa huku inaweza kuutikisa ulimwengu. Paula Kahumbu wa shirika la uhifadhi la WildlifeDirect, kwa kipindi cha Wildlife Warriors kilichoanza 2019, aliwaweka Wakenya wenyewe mbele ya kamera wakieleza wanyama wao. Sisi tunaongeza swali.

Ninalopigania sasa liwe la kwanza kwenye kipindi halina hata mnyama. Ni mkono wa mtu, umekunjuliwa kiwikoni: vidonda viwili vinavyofanana, kimoja juu ya kikunjo, kingine chini yake. Ameng'atwa, amechomwa na mwiba wa mdudu, au amemponda mdudu mwenyewe? Ukiukunja mkono huo, vidonda vinakutana. Ni sumu ya Nairobi fly, mbawakawa mdogo mwekundu na mweusi anayezidi mvua zikizidi, kama ilivyokuwa wakati wa El Niño ya 1997 na 1998. Hang'ati wala hachomi. Sumu imo mwilini mwake na humtoka akipondwa. Mtoto aliyelijibu swali hilo, siku mdudu akitua shingoni mwa mdogo wake, atampuliza aende zake.